Grili ya Peleti Ikigoma Mwanza: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Ukimsikia mtu wa Mwanza anatafuta bodi mpya (saketi ya umeme inayoiongoza mashine) ya grili yake ya peleti, muulize kwanza kama amefungua akaangalia kikombe cha moto. Mara nyingi hajaangalia, na bodi ni nzima. Kinachozisumbua grili hizi huku kwetu ni unyevu, umeme na majivu, na vyote vitatu hujificha nyuma ya dalili zilezile: skrini inawaka, feni inavuma, nyama haiivi. Kwa hiyo tutaanza na vitu vya bure, vya kukagua kwa macho, pua na masikio. Mita na bisibisi vitafuata.

Kwa ufupi, mashine inafanya kazi hivi. Peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vya kipenyo cha milimita 6 hivi, zinakaa kwenye hopa pembeni. Chini ya hopa kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota ndogo. Inasukuma peleti taratibu hadi kwenye kikombe cha chuma kilicho katikati ya grili. Humo kuna hita ya kuwashia, ambayo inakolea wekundu dakika chache za mwanzo kisha inazimwa. Feni inapuliza. Juu ya kikombe kuna bati la kugawa joto, na juu ya bati trei ya mafuta inayoinamia kwenye ndoo. Sensa inaiambia bodi joto limefika wapi, na bodi inaamua skrubu izunguke au isubiri. Ubunifu huu ni wa Joe Traeger wa jimbo la Oregon, Marekani. Hataza yake ilitolewa 1986 na kuisha 2006, na hapo kampuni nyingine zikaingia sokoni na mashine za mtindo huohuo. Ndiyo maana maelezo haya yanafaa karibu kila aina, isipokuwa pale kijitabu cha mashine yako kinaposema vingine.

Skrini giza, haiwaki kabisa

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo. Soketi ikiwa nzima, angalia fyuzi ya kwenye plagi, kisha fyuzi ya bodi, ambayo kwenye mashine nyingi iko nyuma ya skrini. Kisha inama usome kibati cha mashine: imeandikwa volti ngapi?

Grili nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120, hezi 60. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukiichomeka hivyohivyo, hita inapokea karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa. Itang'aa vizuri sana, mara moja. Tranfoma ya kushusha volti inaokoa mashine, lakini haigusi hezi, na mota ya skrubu inayotumia umeme wa AC itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Matokeo yake utayaona jikoni: grili inawaka bila shida, joto linapanda, halafu linakwama chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye boksi, siku zote, hata peleti ziwe kavu namna gani. Watu wamebadilisha sensa, bodi na feni kutafuta dawa ya tatizo hilo. Mashine zenye mota za DC hazina shida hii. Kama bado hujanunua, tafuta iliyotengenezwa kwa volti 230 moja kwa moja, hata ikigharimu zaidi. Tranfoma nzuri nayo si ya bure.

Kama breka inaanguka kila ukiwasha, mshuku hita. Imepasuka au imeingia maji, na umeme unavujia kwenye mwili wa chuma wa grili. Chomoa mashine, tenganisha waya za hita, rudisha umeme. Breka isipoanguka, umempata mwizi. Kuna mafundi watakaokushauri ukate waya wa ethi ili breka itulie. Usikubali. Utakuwa unashika mfuniko wenye umeme kwa mikono yenye mafuta, umesimama kwenye majani yenye umande.

Skrini inawaka, feni inavuma, moto hakuna

Zima, chomoa, toa nyavu, trei na bati la kugawa joto. Washa tochi ya simu, uangalie ndani ya kikombe. Utakuta moja kati ya hali tatu.

Kikombe kimejaa majivu. Hita imezikwa na matundu ya hewa yameziba. Yatoe yote, kwa kijiko na brashi au kwa mashine ya kunyonya vumbi, baada ya kuhakikisha hakuna kaa lililo hai. Peleti nzuri za mbao huacha majivu chini ya asilimia 1, kwa hiyo kusafisha kila baada ya mapishi mawili matatu marefu kunatosha. Lakini huku tuna mashine za mpunga kila kona, na wapo wanaojaza hopa peleti za pumba za mpunga kwa sababu ni rahisi. Pumba za mpunga huacha majivu kati ya asilimia 15 na 20, tena magumu, yenye silika. Kikombe kitajaa nyama haijapata hata rangi. Peleti za paini nazo sizishauri kwa chakula. Mbao za paini hazina shida kupatikana, mashamba ya Buhindi na Rubya yako kwenye ziwa hilihili, lakini utomvu wake unaleta masizi na harufu inayong'ang'ania kwenye samaki. Tumia peleti za mti mgumu zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula, ingawa itabidi uagize. Kwenye maduka ya Makoroboi usitegemee kuzikuta.

Kikombe kimejaa peleti ambazo hazijaungua. Hapo skrubu inafanya kazi na hita ndiyo iliyolala. Zitoe peleti zote kwanza. Kisha weka mita, ukiipanga kupima omu (ukinzani), kwenye waya mbili za hita, mashine ikiwa imechomolewa. Hita ya volti 230 na wati 250 inasoma kama omu 210. Ya volti 120 na wati 200 inasoma kama omu 72. Mita isiposoma kitu, hita imekatika, na ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vinavyotumia umeme humo ndani. Ikisoma vizuri lakini haikolei wekundu ndani ya dakika mbili tatu, sasa ndiyo una haki ya kuishuku bodi. Kabla ya hapo, pima volti ya soketi yako jioni. Umeme ukiwa mdogo, hita inapata joto lakini halitoshi kuwasha.

Kikombe ni kitupu. Peleti hazifiki, na hapa ndipo unyevu wa ziwa unapokupa somo. Weka peleti moja kwenye glasi ya maji. Baada ya dakika chache huna peleti tena, una uji wa unga wa mbao uliovimba. Ndani ya bomba la skrubu hakuna nafasi ya kuvimba, kwa hiyo uji huo unajibana, unakauka, unakuwa zege. Jirani mmoja wa Nyegezi aliiacha hopa imejaa kuanzia sikukuu moja hadi nyingine, mvua za Novemba zikapita katikati. Mota ikawa inanguruma na kutetemeka bila kuzunguka. Akaipeleka kwa mafundi wa kusuka mota. Fundi aliichomeka mota peke yake mezani, ikazunguka kwa raha, akamtazama: "Bosi, mota nzima hii. Inasukuma ukuta." Skrubu ilipotolewa, kipande cha kama shubiri moja kilikuwa kimejaa mbao ngumu ya rangi ya chai, ikabidi ibanduliwe kwa patasi kidogokidogo, huku ofisi nzima inanuka karakana ya seremala siku ya mvua.

Kama nawe umefika huko, usijaribu kuyeyusha kwa maji, utaongeza zege. Nyonya peleti zote za kwenye hopa, fungua boliti ya mota (mashine nyingi zina pini laini iliyowekwa makusudi ikatike kabla ya mota kuungua, iangalie), kisha zungusha skrubu kwa spana ukirudisha nyuma na mbele mpaka iachie. Ikitoka, safisha bomba kwa brashi kavu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Usiiache hopa na peleti usiku wakati wa mvua. Zihifadhi ndani ya nyumba kwenye ndoo za rangi za lita 20 zenye mfuniko wa kubana. Ndoo moja inabeba kilo 13 hivi. Peleti kavu ukiivunja inalia "tap" na inang'aa ubavuni. Ikiinama au kumomonyoka kimyakimya, isogeze kwenye jiko la kuni, usiitie kwenye grili.

Inawaka vizuri, inazimika katikati

Fungua hopa kwanza. Peleti hupenda kujenga shimo katikati: pembeni zimejaa, katikati juu ya skrubu hakuna kitu. Vuruga kwa kijiti cha mbao. Vumbi likiwa jingi chini ya hopa, tatizo litajirudia; chekecha peleti kabla ya kuzimimina.

Sababu ya pili ni upepo. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, na nyumba zilizokaa juu ya mawe ya Capri Point, Bwiru au Luchelele zinaupokea wote. Ukiingilia kwenye dohani unasukuma moto chini. Geuza grili, au uiweke nyuma ya jiwe au ukuta, lakini pawe wazi. Kuiingiza kwenye stoo au gereji ukafunga mlango ni kujitafutia sumu ya gesi ya kaboni monoksidi.

Sababu ya tatu kitabu cha Marekani hakiitaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Jioni wanafuata taa, wanakufa kwa maelfu, na feni ya grili iliyo chini ya taa ya kibarazani inawavuta. Lala chini utazame mlango wa feni. Ukikuta tope jeusi linalonuka samaki, umepata chanzo. Safisha kwa brashi ya meno, na taa ihamishe.

Moto ukishazimika, kuna jambo la hatari kuliko yote kwenye makala hii. Bodi ikiona joto linashuka huendelea kuleta peleti, kwa hiyo kikombe kinaweza kufurika. Ukibonyeza kuwasha tena juu ya rundo hilo, utapata moshi mzito wa njano, kisha gesi inashika moto kwa mpigo na mfuniko unaruka. Daima toa nyama, fungua, safisha kikombe, ndipo uwashe. Mashine nyingi zinataka mfuniko uwe wazi mpaka moto ushike. Chache mpya zinataka uwe umefungwa. Fuata kijitabu chako.

Umeme umekatika nyama iko ndani

Acha mifuniko yote imefungwa, wa grili na wa hopa. Feni ikisimama, moto hauna pa kupumulia isipokuwa kurudi nyuma kupitia bomba la skrubu, na ukifungua hopa unaupa njia. Gusa ubavu wa hopa kila baada ya dakika chache. Ikipata joto au kufuka moshi, usifungue. Sogeza watu na vitu vinavyoshika moto, hasa kama uko chini ya makuti. Umeme usiporudi haraka, hamishia nyama kwenye jiko la mkaa. Nyama isiyoiva vizuri ikikaa vuguvugu zaidi ya saa 2, itupe au umpe mbwa.

Mtu mwenye inveta nyumbani hana sababu ya kupata taabu hii. Grili ikishawaka inakula kama wati 50 tu. Saa 6 za kupika ni wati-saa 300, hata uniti nzima ya luku haifiki, na betri ya volti 12 ya Ah 100 inazibeba bila kushuka chini ya nusu. Inveta iwe ya mawimbi laini (pure sine wave). Zile za bei chee zinaifanya mota inung'unike na bodi ichanganyikiwe. Iwe na uwezo wa kuimudu hita wakati wa kuwasha, wati 500 zinatosha.

Joto linaruka, au kipimajoto "kibovu"

Kupanda na kushuka nyuzi 10 hivi kila upande ni kawaida kwa bodi za zamani. Zaidi ya hapo, futa sensa. Ikivaa koti la mafuta na masizi inasikia joto kwa kuchelewa. Sensa nyingi ni za aina ya PT1000, na kwenye hali ya hewa yetu ya kawaida inatakiwa kusoma karibu omu 1,100. Ikisoma tofauti kabisa, ibadilishe.

Kipimajoto cha nyama kinahukumiwa kimakosa kila siku. Watu wanakitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kinasoma 96, wanakirudisha dukani. Mwanza iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96. Kikisoma 100, hicho ndicho kibovu. Kijaribu pia kwenye maji yenye barafu nyingi. Kinatakiwa kikupe 0.

Halafu kuna siku mguu wa mbuzi au kipande kikubwa cha ng'ombe kinafika nyuzi 65 au 70 na kuganda hapo saa nzima, wakati grili inaonyesha 110 bila kutikisika. Hiyo si hitilafu. Maji yanayotoka kwenye nyama yanakauka juu yake na kuipoza, kama jasho. Subiri, au ifunge kwenye karatasi ya alumini iendelee. Ukipandisha joto kwa hasira utaibabua nje na ndani ibaki ngumu.

Moshi mweupe na nyama chungu

Dakika kumi za mwanzo moshi mweupe ni halali yake. Ukiendelea, moto unafukuta badala ya kuwaka: peleti zina unyevu, kikombe kina majivu, au feni imechoka. Unaoutaka ni moshi mwembamba wa bluu unaouona vizuri tu ukiwa na kitu cheusi nyuma yake. Usiweke sato kwenye moshi mweupe. Nyama yake laini inanywa uchungu kuliko nyama yoyote.

Moto wa mafuta

Kitimoto na sangara mnono ndio wanaouleta. Joto linapita kiwango ulichoweka na moshi unageuka mweusi. Funga mfuniko, zima, chomoa kama unafikia plagi bila kupita juu ya grili, na usimwage maji. Chanzo ni trei isiyokwanguliwa au bati lililokaa upogo mafuta yakadondokea kwenye kikombe. Ikipoa, kwangua vyote na umwage ndoo.

"Mbona haina ladha ya moshi?"

Mashine inafanya kazi yake. Peleti zinaungua safi, na hiyo ndiyo tabia yake. Teremsha joto hadi kati ya 100 na 110 kwa saa mbili za mwanzo, weka nyama ikiwa ya baridi na mbichi kabisa, na utapata moshi wa wastani. Aliyekulia kwenye mbuzi wa mkaa hataridhika, na sioni haja ya kumbembeleza. Grili hizi nyingi hufika 260 tu, tena joto linalozunguka, kwa hiyo kubabua ngozi si fani yake. Kwa sato wa kilo moja wa kutoka mwaloni Kirumba, jiko la mkaa linashinda kwa haraka na kwa ladha. Kwa vipande vinene vya sangara vya kukaushwa kwa moshi mchana kutwa, mbavu, kuku watatu kwa mpigo huku unaangalia mpira, grili ya peleti haina mpinzani. Kwenye joto la chini inakula nusu kilo hadi kilo moja kwa saa. Zidisha kwa bei ya peleti uliyoagiza, ndipo ujue kama ni ya kila Jumapili au ya sikukuu.

Kutu

Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya kula chuma kama pwani. Kinachoila grili ni mvua na jasho la turubai. Ukiifunika ikiwa ya moto au imelowa, umeifungia mvuke ndani.

Ukiletewa iliyotumika

Nenda nayo peleti zako kavu. Shika kikombe cha moto, ukibonyeze kwa kidole gumba. Kikiwa chepesi kama kopo la maziwa au matundu yameungana, kimeisha. Sukuma mkono chini ya hopa utafute unga mgumu. Soma kibati cha volti. Kisha mwambie mwenye mali aiwashe na kuiweka 200, ninyi wawili mkiwa mmesimama hapo. Inatakiwa ifike ndani ya nusu saa bila kunguruma. Ikifika, izime kwa kitufe, si kwa plagi, na usubiri feni ijizime yenyewe. Moshi ukianza kutoka kwenye hopa wakati huo, moto unarudi nyuma. Mwachie mwenyewe, hata kama bei ni nzuri.